Mkanda wa Saa Ishirini na Nne

Nesi Bronagh alinifunga mkanda mkono wa kushoto,
akaning'iniza kidude kiunoni, kizito kama kufuli.
Akasema: ishi kama kawaida. Kila nusu saa kitakukaba;
kikikukaba nyoosha mkono, usiseme neno.
Kawaida yangu, nikamwambia, huanza watu wakilala.
Akaliandika hilo pembeni mwa fomu, akalipigia mstari.

Saa sita usiku, Walkley, kilima kimesimama kama ngazi,
mvua ile ya Sheffield, hainyeshi wala haikomi.
Mimi na Desmond tunainua kifuniko cha chuma,
napiga goti, natia ufunguo mrefu, nazungusha vali.
Robo mzunguko. Nasikiliza. Robo nyingine.
Mji uliolala hauhitaji presha ya mchana;
ukiiacha juu, bomba la miaka mia na ushei
litajitafutia mahali pa kupasukia.
Basi kila usiku naulegeza mji,
nyumba kwa nyumba, birika kwa birika,
na alfajiri, kabla ya chai ya kwanza, naupandisha.

Kidude kikanguruma. Mkanda ukavimba,
ukanikamata kama askari aliyemwona mwizi wake.
Nikanyoosha mkono juu ya shimo, kimya.
Desmond akazima tochi, kwa heshima labda.

Nikasimama ghafla, na kilima kikaenda na kurudi.
Ndipo nilipomkumbuka binti yangu Rukaiya
akinichorea shingo nyuma ya bili ya gesi:
"Hapa, baba, ateri inapofika njia panda,
ukutani mwake wamo wapimaji. Hawalali.
Ukisimama, damu inateremka miguuni, ukuta unalegea,
nao wanaujulisha ubongo kabla hujajua umesimama.
Moyo unaharakisha, mishipa inajibana,
damu inapanda tena kilimani."
"Kwa muda gani?"
"Mapigo machache tu ya moyo."
Mimi kwa kazi hiyo nahitaji gari, vibali viwili, na Desmond.

Kisha akachora figo, maharage mawili yaliyopeana mgongo:
hawa ndio mafundi wasio na haraka.
Wanahesabu chumvi. Nguvu ya damu ikipungua
wanayazuia maji; ikizidi wanayafungulia.
Akaitazama sahani yangu, achari na kipande cha ng'onda.
Sikumwuliza anatazama nini.

Miaka kumi na tisa nimedhani mwili ni mabomba.
Lakini bomba halijui. Bomba hubeba mpaka lipasuke,
halijikunji kwa baridi, halitumi habari kwa mtu,
hata lile tunalolipaka rangi na kulipa namba.

Asubuhi Nesi Bronagh akanigeuzia skrini:
"Kwa wengi, usiku mstari huu hushuka bondeni.
Wako haukushuka."
Kushusha ndiyo kazi yangu, nilitaka kusema.
Akasema wale wa shingoni, presha ikikaa juu miaka,
huzoea. Huacha kupiga kelele.
Huilinda hiyohiyo ya juu kana kwamba ndiyo haki yake.
Macho yangu yakaenda kwenye fomu,
kwenye lile neno alilolipigia mstari.

Kidonge kimoja kila siku. Barua kwa msimamizi wa zamu.
Na chumvi, akasema. Nikasema binti yangu keshasema.

Nilifika nyumbani saa nne, nikafunga pazia.
Alama ya mkanda imeuzunguka mkono, nyekundu, kama bangili.
Jikoni Mwanahawa akafungua bomba,
maji yakaja kwa nguvu zao zote,
yaleyale niliyoyapandisha mwenyewe.
Nikalala chali, mkono nimeunyoosha kando,
nikimsubiri yule askari
ingawa nilikuwa nimekwisha kumrudisha.